Ulishe, Si Mlishe

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe bila kupigiwa kura na mtu, natangaza rasmi kwamba hadithi hii itaeleza uhusiano mkuu uliopo kati ya utumbo wa binadamu na akili yake, jambo ambalo wataalamu wa dunia wanalichunguza kwa darubini. Naomba msomaji asimame. Basi, kaa. Ukweli ni kwamba nyumbani kwetu mtu wa kwanza kulichunguza jambo hilo alikuwa bibi, na hakutumia darubini. Alitumia sufuria, na alikosea.

Bwenini wananiita Mheshimiwa, kwa sababu hata nikiomba chumvi naomba kama nafungua bunge. Msomaji asinitilie shaka nikisema najua kilichokuwa kikipita katika kila kichwa cha nyumba yetu likizo ile. Mama huwaza kwa sauti akiwa kwenye cherehani. Bibi, mama yake baba, huwaza kwa sauti hata usingizini. Mdogo wangu, tunayemwita Kidonge kwa udogo wake na ukali wake, hana siri yoyote isipokuwa za sukari. Anabaki baba, na baba ndiye habari yenyewe.

Baba alikuwa na bucha. Majambazi waliingia wakati wa kufunga, wakamuua baba mdogo kati ya mizani na gogo la kukatia nyama, baba akiwa amebanwa ukutani anatazama. Hayo yanatosha. Mwenyewe hayasemi, nami sitamtangulia. Tangu hapo hakuweza kuvumilia harufu ya nyama mbichi, na bucha akampangishia kijana aliyekuwa msaidizi wake. Akawa mtu wa kukaa kwenye kochi, uso umeelekea mlangoni. Mlango ukigongwa, unamkuta ameshasimama. Kifuniko kikianguka, unamkuta yuko chini ya meza, naye anatoka huko akijifanya alikuwa anatafuta kiatu. Chakula chake kilikuwa mkate mweupe na soda, asubuhi mkate na soda, jioni soda na mkate. Tumbo lake likawa kama ofisi ya serikali: leo limefungwa, kesho kuna foleni.

Dawa alikuwa akimeza, na kliniki alikuwa akienda, tena kwa kuvutwa. Huko alikuwa na mshauri wake, mama mmoja wa miwani anayesema Kiswahili kilichopigwa pasi. Baba hakuwa akipokea simu, kwa hiyo mshauri akiwa na neno humpigia bibi. Na simu ya bibi ina spika iliyopasuka, lakini bibi mwenyewe hajawahi kukubali kwamba kuna kitu hakukisikia.

"Ndiyo, mwanangu," bibi alikuwa akisema simuni, mkono mmoja kiunoni. "Ndiyo. Utumbo. Vizuri. Nimekusikia, usipige kelele." Akakata. Akatutazama kama mtu aliyeletewa ufunguo wa ghala. "Amesema tumlishe utumbo."

Mama akaondoa mguu kwenye cherehani. "Utumbo?"

"Utumbo. Amesema akili na utumbo ni majirani, huyu akiumwa yule halali. Tumlishe utumbo vizuri, tena kila siku."

"Lakini mama, si unajua nyama kwake ilivyo?"

"Utumbo si nyama. Utumbo ni utumbo."

"Mama, mimi naona tungempigia tena tumuulize."

"Mkwe wangu, mimi ndiye niliyemzaa, na mshauri ndiye aliyesoma. Tumekuwa wawili. Wewe uko upande gani?"

Mama akarudisha mguu kwenye cherehani. Alikuwa upande wa kushona sare za watu, na sare zilikuwa zimemlundikia.

*

Nilibeba kikapu. Bibi hakutaka kununua utumbo mahali pengine isipokuwa kwenye bucha la mwanawe, kwa hoja kwamba hela irudi nyumbani hata kama imepitia kwa mpangaji. Mpangaji alikuwa amevaa aproni ya baba. Ilimbana mbele na kumpwaya mabegani, kama cheo.

"Karibu, bibi yangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Bosi hajambo?"

"Anaendelea."

"Aje basi hata kututembelea. Watu hapa wanasema amepagawa. Mimi nawaambia hapana, jamani, amechoka tu kichwa."

Foleni yote ikatugeukia kutazama familia ya aliyechoka kichwa. Bibi alinyoosha shingo, akachagua utumbo kipande kwa kipande, akauliza bei mara mbili ili wajue anayo. Mpangaji akaongeza pande moja juu ya mizani ikiwa imeshatulia. "Hili la pole," akasema. Bibi alilitoa, akaliweka juu ya kaunta, akasema, "Asante, msiba ulishakwisha." Njiani hakusema neno, na kwa bibi huo ni ugonjwa.

Aliuosha, akausugua kwa chumvi na ndimu, akauweka jikoni, akafunika. Harufu haikufunikika. Ilipita sebuleni, ikapita chumbani, ikatoka uani ambako baba alikuwa anaoga. Tulisikia maji yakikoma. Aliingia kwa mlango wa jikoni, taulo begani, matone yakimchuruzika.

"Nini hicho?"

"Dawa yako," bibi akasema. "Kaa nikupakulie."

Akafunua kifuniko. Sijui jinsi ya kuueleza uso wa baba, na nimepata alama nzuri za insha maisha yangu yote. Ulikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wametoka mbio na kuacha mlango wazi. Aliipiga sufuria kwa mkono mtupu, ikaruka ukutani, mchuzi ukatapakaa, bibi akarukia pembeni. Mama akaja akikimbia kutoka sebuleni, akafanya kosa ambalo mtu yeyote mwenye mapenzi angelifanya: akamshika bega kutoka nyuma.

Baba akageuka na mikono yake ikakuta shingo. Hakuwa anamwona mama. Alikuwa anamwona mtu mwingine, mahali pengine, na alikuwa amechelewa kumkaba mtu huyo kwa mwaka mzima. Mama hakupiga kelele, kwa sababu kelele hupita pale pale palipobanwa. Bibi alimkunjua vidole kimoja kimoja, kama anayefungua fundo la kitenge, akimwita kwa jina la utotoni. Mimi nilimvuta kiunoni. Kidonge alikuwa chini ya meza ya cherehani, ameziba masikio, anaimba wimbo wa herufi.

Kidole cha mwisho kilipofunguka, baba alitazama mikono yake, akatazama shingo ya mama, akatoka uani kumalizia kuoga. Maji yalimwagika kwa muda mrefu sana, na hakuna aliyekwenda kumwambia ayafunge.

*

Mjomba alikuja kesho yake. Mjomba ni kinyozi, na vinyozi wamezoea kukuhutubia huku wamekushika kichwa. Hata akiwa hana mkasi unahisi ukizungumza naye usitikisike. Alikaa mbele ya baba, magoti yakikaribia kugusana.

"Shemeji, mimi na wewe hatuna ugomvi."

"Najua."

"Dada yangu si gogo la bucha."

Bibi akavuta pumzi. Baba akasema, "Najua hilo pia."

"Shule zikikaribia kufunguliwa nitarudi hapa. Kama katikati mkono wako umemgusa mtu yeyote humu ndani, namchukua dada na namchukua huyu mdogo. Nyuma ya duka kuna chumba. Mheshimiwa ataenda shuleni kwake. Wewe utabaki na mama yako."

"Na kama haukumgusa mtu?" bibi akauliza.

"Nitakunywa chai yenu nirudi zangu."

Siku ile hakunywa. Chai yake ilipoa mpaka ikaota utando, mama akaimwaga bila kumtazama mtu.

Tulikwenda kliniki wote, baba katikati kama mshtakiwa. Bibi aliketi mbele ya mshauri na kulalamika kwamba dawa imekataa. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama mama shingoni.

"Bibi, mimi nilisema ulisheni utumbo wake."

"Ndiyo tukamlisha."

"Si mlisheni. Ulisheni. Utumbo wake yeye, ulio ndani yake, ndio upate chakula."

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia kwamba ngeli zipo kwa ajili ya mtihani. Ningependa aione shingo ya mama.

"Sasa utumbo wake nitaulishaje bila kumlisha yeye?" bibi akauliza, na lilikuwa swali la haki.

"Atakula yeye. Mboga za majani, maharage, dengu, matunda, nafaka isiyokobolewa, maziwa ya mgando akiyaweza. Humo tumboni kuna vijidudu vingi vyema, na hivyo ndivyo vyakula vyao. Ukivishindisha kwa mkate mweupe na soda vinafifia, tumbo linavurugika, na tumbo lililovurugika linapeleka habari mbaya kichwani. Kichwa chake kina habari mbaya za kutosha."

Baba akamgeukia mshauri. "Kwa hiyo nikila mchicha nitamsahau mdogo wangu."

"Hapana. Hutamsahau. Wala sikuahidi kwamba mchicha unatibu, wanaolichunguza jambo hili bado wanachunguza. Dawa utaendelea kumeza, na hapa utaendelea kuja tuzungumze. Hiki ni cha kuongezea. Mtu aliyebeba gunia zito asitembee pia na njaa."

"Mama mshauri, nimechinja mbuzi maisha yangu yote. Leo nikionekana natafuna majani, watanicheka."

"Waache wacheke. Wao hawakuwahi kukosa usingizi."

Nilimwona baba akitaka kukasirika na kukosa pa kuanzia.

*

Mama alikwenda sokoni na skafu shingoni, jua likiwaka. Muuza mboga, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, alimwona kutoka mbali.

"Mke wa bucha leo kwenye mchicha? Au ng'ombe wamegoma?"

"Nipimie dengu. Na maharage yale mekundu."

"Na skafu hiyo kwenye joto hili, dada?"

"Mafua."

"Eh, mafua ya shingo," muuza mboga akawaambia wenzake, wakacheka kile kicheko cha kuangalia pembeni. Mama akainama kuchambua maharage. Aliyachambua moja moja, kama vile kila moja lilikuwa limemtukana. Nilitaka kumwambia yule mwanamke jambo la kumkaa rohoni, nikakumbuka kwamba ndiye mwenye mboga za bei nafuu. Umaskini una adabu nzuri sana.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Tulikuwa tunaweka sahani mezani polepole kama tunalaza mtoto. Mama aliacha kushona baba akiwa sebuleni, maana uzi ukikatika cherehani hulia, na kwa sababu hiyo sare zilichelewa na wenyewe wakaja kugomba mlangoni, na mlango ukigongwa baba anasimama, na ndivyo mzunguko ulivyokwenda. Baba alisogeza sahani ya mboga kwa kidole kimoja. "Mnanigeuza mbuzi," akasema. Alikula vijiko viwili kwa ajili ya bibi aliyemkalia mbele, akarudi kwenye mkate.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao historia itauita ushujaa. Mama alikuwa amenunua boga kubwa. Nililiweka juu ya ubao katikati ya meza, nikavaa aproni ya mama, nikachukua kisu, nikaiga sauti ya mpangaji wa bucha.

"Karibu, mteja wangu. Leo tumeshusha mzigo mpya. Nikukatie wapi, paja au mbavu?"

Mkono wa mama ulisimama hewani. Bibi akafumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa ametamka neno la bucha mezani tangu msiba. Baba alinitazama, akatazama kisu, akatazama boga.

"Kisu hicho hujakinoa," akasema.

"Samahani, mteja."

"Na hapo unapotaka kukata siyo. Lete."

Akanyoosha mkono. Mama aliinuka nusu, akabaki hivyo, si wa kukaa si wa kusimama. Nilimpa baba kisu kwa upande wa mpini. Akaligeuza boga mara moja, akalipapasa, akaligawa kwa mikato ambayo sikuwa nimeiona kwa mwaka mzima, vipande sawasawa, mkono haujui kutetemeka ukiwa na kazi. Akazikwangua mbegu pembeni. "Mteja hapimiwi mbegu kwa bei ya mnofu," akasema. "Huo ni wizi."

"Baba ameua boga," Kidonge akatangaza.

Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama bawaba iliyokaa muda bila mafuta. Bibi akafungua macho, akamgeukia mama akijaribu bahati yake. "Unaona? Ukipenda boga, penda na ua lake."

"Ua nililipenda, mama," mama akasema, akikaa taratibu. "Miiba ndiyo sikuambiwa."

Lakini boga lililiwa lote siku ile, na baba ndiye aliyefuta sahani.

*

Baada ya hapo mambo yakawa shwari. Baba alichukua jukumu la kuloweka maharage, akawa anayatazama kwenye beseni asubuhi kama askari anayehesabu wafungwa. Alijifunza kukata mchicha mwembamba kuliko mtu yeyote wa mtaa ule. Tumbo lake likaanza kufungua ofisi kwa saa za kazi. Usiku mwingine alilala mpaka kukapambazuka, na kesho yake sote tulitembea kwa vidole tusimfukuze mgeni wetu, usingizi. Kliniki alikwenda mwenyewe, bila kuvutwa. Mama alirudi kwenye cherehani, mwanzoni kwa kuikanyaga taratibu, halafu kwa mwendo wake. Hakuna aliyeguswa. Hiyo ndiyo taarifa rasmi, na ndiyo mjomba aliyoikuta aliporudi.

Alikuja mchana. Sanduku langu la bati lilikuwa tayari mlangoni, nami nilikuwa nimevaa sare kamili na tai, kwa kuwa basi la shule lingepita jioni. Mama alimpa chai. Akakishika kikombe bila kunywa.

"Shemeji, umenenepa kidogo."

"Majani," baba akasema.

"Dada, amekugusa?"

"Hajanigusa."

"Na wewe, bibi?"

"Mwanangu hajamgusa mtu," bibi akasema. "Tena hata sauti haijapanda."

"Amegusa boga," Kidonge akasema, na mjomba karibu atabasamu. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe, Mheshimiwa. Wewe ulikuwa hapa kutwa nzima, huna duka huna cherehani. Sema."

Nilisimama. Msomaji, nilisimama vizuri sana, mikono nyuma. "Mjomba, kwa heshima ya bweni langu na kwa heshima ya maharage, ambayo yamefanya kazi iliyotukuka katika nyumba hii, nathibitisha kwamba tangu siku ile mkono wa baba haujamgusa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo."

Mjomba akaitikia kwa kichwa polepole. Akainua kikombe.

"Usinywe hiyo chai kwanza," baba akasema.

Kikombe kikasimama chini ya mdomo.

"Mwanangu, fungua kifungo cha juu."

"Nimevaa tai, baba. Kanuni za shule zinasema..."

"Fungua."

Nililegeza tai. Vidole vyangu vilikuwa vinene ghafla, kifungo kikakataa mara mbili. Kilipofunguka sikuhitaji kioo. Niliona kila kitu kwenye uso wa mama. Alama ya shingoni ilikuwa imeanza kufifia, imebaki rangi ya embe lililopondeka, upana wa mkono wa mtu pale kati ya kiwiko na kifundo.

"Mimi nimekuwa namsubiri aseme," baba akamwambia mjomba. "Kila siku nadhani atasema leo. Kumtangulia nikashindwa. Uoga tu, hakuna jina jingine."

"Lini?" mama akaniuliza. Hakumuuliza baba, aliniuliza mimi.

Basi taarifa rasmi imefutwa, na wewe msomaji niliyekudanganya pamoja na mjomba, sikiliza. Mama alikuwa amepeleka sare kwa wenyewe, bibi na Kidonge wako uani. Nilikuwa nimejaza upepo kwenye mfuko wa karatasi nikajificha nyuma ya mlango nimpasulie Kidonge sikioni, maana alikuwa ameniibia sukari guru. Mlango ukafunguka, nikapasua. Aliyeingia alikuwa baba.

"Nilimtega mimi," nikasema. Sauti yangu ya bunge ilikuwa imekwenda, imebaki ile ya chekechea. "Nilipasua mfuko. Akanibana ukutani kwa mkono. Sikuweza kupumua."

"Nani alimtoa?" mjomba akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Bibi yako yuko uani, mama yako hayupo. Nani alimtoa?"

"Aliniachia mwenyewe. Alinitazama, akaniita jina langu, akaniachia. Halafu akakaa chini sakafuni, akaniambia nimwambie mama. Nikasema nitasema."

"Mwenyewe," mjomba akarudia.

"Mwenyewe, mjomba."

Mama alikuwa ameshika shingo yake bila kujua. Alimtazama baba kwa muda, kisha mimi, na nikaona akipima uamuzi ambao nilimnyima muda wote ule kwa kunyamaza.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Neno langu lilikuwa neno, shemeji. Nilisema mtu yeyote."

"Ulisema," baba akajibu. "Wachukue. Sitasimama mlangoni."

"Kidonge aende nawe, kaka," mama akasema. "Mpaka mshauri aseme amemwona baba yake yuko sawa. Mimi nabaki."

"Dada..."

"Sijakuomba ruhusa. Nakupa taarifa." Akamgeukia baba. "Na wewe kesho utamweleza mshauri habari ya mfuko, yote, mimi nikiwa nimekaa pale. Ukificha hata nusu, hiyo siku ndiyo nitakayomfuata kaka."

"Nitamweleza."

Bibi akaenda kumkusanyia Kidonge nguo, akiwaza kwa sauti kwamba enzi zake watu walikuwa wanakula chochote na kulala popote. Hata yeye mwenyewe hakuonekana kusadiki.

Baba akaja akasimama mbele yangu, hatua kadhaa kabla ya kunifikia, kama mtu anayejua urefu wa mikono yake.

"Kwa nini ulinisemea uongo?"

Nilitafuta hotuba. Nilikuwa nayo moja kuhusu umoja wa familia, na nyingine kuhusu maharage kutolaumiwa kwa makosa ya mifuko ya karatasi, ingewachekesha. Zote zilifika kooni zikakwama pale kwenye alama.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mjomba wako?"

"Wewe, baba."

Akaitikia kwa kichwa. "Na sasa?"

"Sasa pia."

Aliipokea bila kutazama chini. Nje mjomba alikuwa ameshabeba kifurushi cha Kidonge, na Kidonge anauliza kama kwenye duka la kunyoa kuna sukari. Baba akanyoosha mkono taratibu, akausimamisha katikati ya njia, kiganja kimefunguka, kimeelekea kwenye kola yangu.

"Nikufunge kifungo?"

Ningependa kutangaza kwamba nilimsogelea bila kutetemeka. Nilitetemeka. Lakini nilisogea.